Ramani iliyoandikwa kwa miguu

Mwaka juzi nilialikwa kwenye hitma Tandale. Mwenyeji wangu alinielekeza kwa simu, kama wafanyavyo watu wa Dar es Salaam wote: shuka kwa Mtogole, ingia ndani, ukifika kwenye mwembe mkubwa kata kushoto, halafu ulizia kwa Mama Zuhura. Nikashuka, nikaingia ndani. Mwembe sikuuona. Nikapiga simu.

"Ah, ndugu yangu, mwembe ulishakatwa zamani. Lakini hapo si ndipo mwembeni?"

Nilitoa simu nikafungua programu ya ramani, ile isiyokula bando. Uchochoro niliosimama ulikuwepo, mstari mwembamba wa vitone, na hatua chache mbele ulikuwepo mtaro wenye daraja la mbao. Nyumba nazo zilikuwepo, moja moja, zimebanana kama zilivyobanana kweli. Nikafuata mstari, nikavuka mtaro, na ubwabwa nikaukuta haujaisha.

Njia nzima nilikuwa najiuliza: huu uchochoro, ambao hata daladala haiujui, nani aliuchora? Programu yenyewe sijailipia hata senti, na matangazo haina.

Jibu linaanzia Uingereza, kwenye kero. Nchi ile ina shirika la serikali la ramani, Ordnance Survey, lililoanza mwaka 1791. Ramani zake ni safi kupindukia. Lakini mwananchi aliyetaka kuzitumia data zake kutengenezea kitu chake aliuziwa kwa bei ya kuumiza na kufungwa na masharti kibao. Kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha London, UCL, jina lake Steve Coast, aliona mambo hayo hayana maana. Mwaka 2004 akaanzisha OpenStreetMap: ramani ya dunia ambayo yeyote anaweza kuichora, kuisahihisha na kuichukua. Wikipedia ilikuwa na miaka 3 tu wakati huo, na wengi walikuwa bado wanaicheka. Coast aliazima wazo lile lile, ila badala ya kuandika makala, watu wachore barabara.

Alichora kwa kutumia nini? Alikuwa na baiskeli na kipokezi cha GPS. Na hapa kuna jambo ambalo wasimulizi wengi hulisahau. Hadi Mei 2000, jeshi la Marekani lilikuwa likiyaharibu makusudi mawimbi ya GPS yanayopokelewa na raia, hata kipimo chako kikawa kinaweza kukosea kwa mita 100 hivi. Kwa meli iliyo baharini hiyo si taabu. Kwa mtu anayetaka kuchora uchochoro, mita 100 ni mtaa mwingine kabisa. Rais Bill Clinton aliamuru uharibifu huo ukome, na usiku mmoja tu vipokezi vya bei nafuu vikawa vyombo vya kuchorea ramani. Bila amri ile, Coast angeendesha baiskeli yake bure.

Mei 2006 watu wapatao 40 walikwenda kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza, wakakizunguka kwa miguu, baiskeli na magari hadi barabara zake zikaingia kwenye ramani kwa mwisho wa juma mmoja. Kampuni ya matarishi wa London, eCourier, nayo iliwapa wachoraji nyayo za GPS za watu wake waliokuwa wakikata mitaa kutwa nzima kupeleka vifurushi. Mwishoni mwa 2006 Yahoo iliruhusu picha zake za satelaiti zitumike kuchorea, na Bing ya Microsoft ikafuata mwaka 2010. Kuanzia hapo mtu aliweza kukaa Berlin akachora paa la nyumba ya Mbagala. Paa, lakini si jina la mwenye nyumba, wala kujua kama pale ni duka, madrasa au zahanati. Kwa hayo sharti mtu apite.

Na waliopita walianzia Kibera. Mwaka 2009 kitongoji hicho cha Nairobi, ambacho kila mwandishi wa habari wa kigeni alikijua, kwenye ramani kilikuwa doa tupu. Ramani rasmi ziliendelea kukionyesha kama msitu. Kinaya ni kwamba jina lenyewe linatokana na neno la Wanubi lenye maana ya msitu, tangu askari wao wa King's African Rifles walipopewa makazi pale. Kwa hiyo ramani ilibaki nyuma kwa karne nzima, imeganda kwenye maana ya jina. Wamarekani wawili, Mikel Maron na Erica Hagen, waliwafundisha vijana 13 wa Kibera kutumia GPS. Vijana wale waliingia Gatwekera, Lindi, Laini Saba, Makina, Kianda na kwingineko, wakiweka alama kwenye mabomba ya maji, vyoo, kliniki, makanisa, misikiti na shule. Mradi ukaitwa Map Kibera. Wiki chache tu, na pale palipokuwa pameachwa peupe pakajaa kiasi kwamba maandishi yalikosa nafasi.

Januari 12, 2010 tetemeko likaipiga Haiti. Ndani ya siku chache mamia ya watu ambao hawajawahi kukanyaga Port-au-Prince waliuchora mji ule kwa picha za satelaiti, na waokoaji wakapakia ramani hiyo kwenye vifaa vyao. Kutokana na kazi ile kukazaliwa Humanitarian OpenStreetMap Team, kikundi ambacho jina lake ungelisikia baadaye Dar es Salaam mara nyingi.

Tandale ilichorwa mara ya kwanza mwaka 2011, na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi wenyewe. Desemba ya mwaka huo huo ikaja mvua ambayo wakazi wa Dar hawajaisahau. Mto Msimbazi ulifurika, watu zaidi ya 40 wakafa, na waliobomokewa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Baada ya maji kukauka lilibaki swali gumu: maji yalipita wapi hasa, na mitaro iko wapi? Jiji lilikuwa na ramani, tena nzuri, za tangu enzi za wakoloni na baada yao. Zilionyesha mito, vilima na barabara kuu. Mtaro uliochimbwa na wakazi nyuma ya vyoo vyao hazikuuonyesha, na huo ndio uliozibwa na taka.

Kabla sijaendelea na Dar, kuna ugomvi mmoja wa 2012 unaostahili kukumbukwa. Google nayo ilikuwa na chombo chake cha kuchorea ramani, Map Maker, kilichoanza 2008, na Waafrika wengi walijitolea usiku na mchana kujaza mitaa ya miji yao humo. Januari 2012 Benki ya Dunia ikatangaza makubaliano na Google ya kukitumia. Wachora ramani wakaja juu. Hoja yao ilikuwa fupi: anachochora mwananchi kwenye Map Maker kinakuwa cha Google, mwananchi huyo huyo kesho akikitaka kutengenezea kitu chake, aombe ruhusa. Miezi haikupita mingi, benki ikatamka kwamba itaunga mkono uchoraji wa wananchi pale tu ambapo data inabaki wazi kwa wote. Map Maker yenyewe ilifungwa mwaka 2017.

Kiswahili kina bahati hapa. Tuna "bure" na tuna "huria", na si kitu kimoja. Ramani ya Google ni bure: unaitazama bila kulipa, mwenyewe yuko, na akiamua kesho kufunga duka huna la kusema. OpenStreetMap ni huria: leseni yake inakuruhusu uichukue yote, uichape, uiuze, uitengenezee programu, mradi umtaje aliyeichora na usiwafungie wengine ulichokiongeza. Mradi mkubwa wa Dar es Salaam ulipoanza mwaka 2015, waliouita Ramani Huria walichagua neno kwa makini.

Ramani Huria ilikusanya Tume ya Sayansi na Teknolojia, Benki ya Dunia, Msalaba Mwekundu, Chuo Kikuu Ardhi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wakazi wa kata zilizozoea kuoga mafuriko. Vijana waliingia Tandale, Kigogo, Magomeni, Mburahati, Mwananyamala. Ndege zisizo na rubani zilipiga picha kutoka juu, na watoto wakazikimbilia mitaa mizima. Lakini kilichonivutia mimi ni karatasi. Kuna zana inaitwa Field Papers: inakata ramani vipande, kila kipande kinachapwa kwenye karatasi ya kawaida chenye msimbo pembeni. Unatoka na karatasi yako na kalamu ya wino. Unaandika: hapa genge, hapa mashine ya kusaga, hapa mtaro umeziba. Jioni unaipiga picha ile karatasi, kompyuta inasoma msimbo, inajua kipande ni cha wapi, inakilaza juu ya ramani mahali pake hasa. Kisha unachora juu ya mwandiko wako mwenyewe. Mzee asiyejua kompyuta anaweza kushika kalamu akakusahihisha.

Na wazee walihitajika. Picha ya angani haisemi maji yalifika wapi mwaka ule wa mafuriko. Mkazi ndiye anayekuonyesha kwa kiganja ukutani: hapa goti, hapa kiuno, pale kwa jirani yalipanda kifuani. Mwenyekiti wa mtaa na mjumbe wa shina ndio wanaojua mpaka wao unaishia nyumba ya nani. Mipaka ya mashina ilikuwa vichwani mwa watu tu, na kazi hiyo ikaanza kuitoa vichwani na kuiweka kwenye ramani.

Hapakukosekana vichekesho. Kila kitu kwenye OpenStreetMap kinabandikwa lebo, na lebo zilibuniwa na Waingereza kwa ajili ya mambo yao: baa zao, masanduku yao mekundu ya posta. Ukija Manzese utamwekea lebo gani mama ntilie ambaye mchana yuko chini ya mti na jioni yuko kituoni? Wakala wa pesa za simu alikuja kupata lebo yake. Mama ntilie, kwa ninavyoona, bado anaitwa mgahawa, naye asingekataa.

Zanzibar ilianza yake mwaka 2016, Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakirusha ndege zisizo na rubani juu ya Unguja na Pemba. Huko Kongo, Lubumbashi ulikuwa miongoni mwa miji ya mwanzo ya mpango wa Missing Maps, ulioanzishwa 2014 na Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Msalaba Mwekundu, kwa sababu huwezi kuzuia ugonjwa wa mlipuko ukiwa hujui mgonjwa anatoka mtaa gani. Mwaka 2018 mkutano wa dunia wa watu wa ramani na programu huria, FOSS4G, ulifanyika Dar es Salaam.

Lakini ukiniuliza wapi ramani hii imefanya kazi yenye uzito kuliko zote, sitakupeleka Dar. Nitakupeleka Mugumu, Serengeti. Rhobi Samwelly anaendesha huko nyumba salama ya wasichana wanaokimbia ukeketaji. Msimu wa kukeketa ukifika, simu inaweza kuingia usiku: kuna binti kijiji fulani, njooni. Kijiji kipo, ila barabara haimo kwenye ramani yoyote, na giza ni giza. Tangu 2015 mradi wa Crowd2Map Tanzania, ulioanzishwa na Janet Chapman, umewakusanya watu wa mabara mbalimbali kuchora barabara na nyumba za vijijini kwa picha za satelaiti, kisha wanavijiji wenyewe wanaongeza majina kwa simu zao. Waokoaji wakapakua ramani hizo kwenye Maps.me na kuzifuata usiku bila mtandao.

Programu zenyewe zina historia ya vurugu. OsmAnd ilianza mwaka 2010, yenye kila kitu mpaka inachosha. Maps.me, nyepesi zaidi, iliundwa na vijana wa Belarus. Ikanunuliwa na Mail.Ru ya Urusi mwaka 2014 na kuwa ya bure kabisa. Mwaka 2020 ikauzwa tena, sura ikabadilishwa, watumiaji wakalalamika. Basi baadhi ya waasisi wake walichukua msimbo wa zamani, ambao ulikuwa umeshaachwa wazi, na mwaka 2021 wakatoa Organic Maps, isiyo na matangazo wala kukufuatilia. Mwaka 2025 wengine wakatofautiana nao, wakajitenga na kuanzisha CoMaps. Ugomvi hauishi. Ila kila mara ramani yenyewe imebaki salama, kwa sababu si mali ya yeyote kati yao.

Sitaki nimdanganye msomaji: kwa foleni ya Ubungo saa kumi na moja jioni, Google bado iko mbele, na anayekuambia vinginevyo hajawahi kukaa kwenye foleni hiyo. Serikali nayo mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Agosti, ilibandika namba za nyumba na majina ya mitaa nchi nzima, na ina programu yake ya anwani. Huria si mpinzani wa hao. Inajaza pale wanapoishia.

Kwa hiyo kabla hujasafiri kwenda kijijini mwisho wa mwaka, tafuta waifai, pakua ramani ya mkoa wako. Ukifika, angalia kama kisima, zahanati na njia ya kwenda makaburini zipo. Kama zahanati imeandikwa jina la zamani, au kuna mwembe uliokatwa, rekebisha wewe mwenyewe. Ni dakika chache tu, na aliyeko Berlin hawezi kukusaidia kwa hilo.