Kasoro Zilizofichika katika Mbao za Vitako vya Bunduki

Kwa karne kadhaa mafundi wa Ulaya waliuthamini mti wa jozi kwa vitako vya bunduki: mgumu pasipo uzito wa kupindukia, nao ukishakauka haubadiliki umbo sana. Lakini urembo wake ndio mtego. Mawimbi yapendezayo macho hutokana na nyuzi zilizopinda. Zikikatiza shingo ya kitako, palipo pembamba, msukumo wa bunduki inapofyatuliwa waweza kuipasua. Ufa wa ndani, aghalabu, huonekana patasi ikishafika, nusu ya kazi imekwisha. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Ujerumani ilichukua njia isiyojali urembo: Karabiner 98k ilianza kupewa vitako vya tabaka nyembamba za mbao zilizounganishwa kwa gundi. Vilikuwa vizito zaidi, ila havikupinda kirahisi, wala havikungoja miaka ya kukaushwa.