Moto ina mafuta aina ngapi? Historia fupi toka Kisenge

Hapa Kisenge swali hili halikosi pale mafundi wanapofanya vidanje kando ya barabara: moto ina mafuta aina ngapi? Mzee aliyestaafu kwenye manganezi atakuambia mbili, hata tatu. Kijana wa taksi-moto atacheka na kusema ni moja tu. Wote wawili wanasema kweli. Kila mmoja anasema juu ya moto ya wakati wake.

Tuanze na reli. Kampani ya BCK iliundwa mwaka wa 1906. Njia ya kutoka Tenke hadi Dilolo ilifunguliwa mwaka wa 1931, ikaungana na reli ya Benguela inayoteremka hadi bandari ya Lobito, kule Angola. Manganezi yetu ilikuwa inapita huko. Wakati huo wa Wabelgiji, moto zilikuwa za Ulaya. Ubelgiji ilikuwa na FN, Saroléa na Gillet, zote za Herstal karibu na Liège. Uingereza ilikuwa na BSA na ndugu zake.

Katika nyingi za moto hizo, moteri na bwati ya vitesi vilikuwa vyuma viwili tofauti. Kati yao kulikuwa na shene fupi, imefichwa ndani ya kifuniko, ikitoa nguvu ya moteri na kuipeleka kwenye ambreyaje. Shene ya pili, ile tunayoiona hadi leo, ndiyo iliyozungusha gurudumu la nyuma. Ile shene ya ndani ilikuwa na mafuta yake kidogo, na bushoni yake ya kumwagia. BSA M20, moto ya jeshi la Uingereza katika vita vya pili vya dunia, ilikuwa hivyo. Mwenye moto akibadilisha mafuta ya moteri na kusahau ya shene, shene ilikauka, ikarefuka, na siku moja ikakatika. Ndiyo sababu wazee wanahesabu zaidi ya moja.

Mwaka wa 1958 Honda ya Japani ikatoa Super Cub. Mwaka wa 1976 ikafuata CG125, iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi ambako moto inabeba mizigo mizito na fundi yuko mbali. Ndani yake hakuna shene fupi tena. Kuna meno yanayoshikana. Moteri, ambreyaje na vitesi vyote vinakunywa mafuta yale yale. Viwanda vya China viliiga CG125, na watoto wake ndio wengi wa wale tunaopanda leo.

Katikati ya mabadiliko hayo, sisi tulikuwa na shida zetu. Mwaka wa 1975 vita ya Angola ilifunga njia ya Lobito, na manganezi ikakosa pa kupitia. Mwaka wa 1977 wapiganaji waliotoka Angola waliteka Dilolo, Kisenge na Kapanga. Mwaka wa 1978 ilikuwa zamu ya Kolwezi. Familia nyingi zilikimbia. Treni ya manganezi kuvuka tena mpaka kuelekea Lobito, ilikuwa mwaka wa 2018. Miaka yote hiyo mtu alitegemea miguu, kinga, kisha moto. Leo moto ndiyo inayopeleka mama mwenye uchungu wa kuzaa hospitali. Ndiyo pia kazi ya kwanza ya vijana wengi waliohama makwao. Moteri ikikufa, nyumba nzima inalala njaa.

Kwa hiyo mafuta yale ya pekee, karibu litre moja, yanabeba kila kitu. Ukifanya vidanje nyumbani, washa moteri dakika chache ili mafuta yawe mepesi. Simamisha moto wima, weka bidoni chini, fungua bushoni, acha yaishe kabisa. Kama ni aina ya CG, chujio kidogo na springi yake vitatoka pamoja na bushoni: vioshe, uvirudishe. Weka mafuta mapya, subiri kidogo, kisha pima kwa kijiti bila kukikaza.

Soma maandishi ya bidoni. Tafuta JASO MA: hayo ni mafuta ya moto ambayo ambreyaje inaoga ndani yake. Mafuta mengine ya gari, hasa yale ya kupunguza matumizi ya esanse, yanafanya ambreyaje iteleze. Moteri inalia, lakini mlima haupandi. Na chupa isiyo na kizibo kilichofungwa vizuri, usiinunue hata kama bei ni ndogo. Mafuta meusi yaliyochujwa yanaweza kurudi sokoni yakiitwa mapya.

Yale ya zamani usiyamwage kwenye udongo. Yanashuka hadi kisimani, na kisima kimoja kinanywesha nyumba nyingi, za wenyeji na za waliohamia. Yaweke kwenye bidoni iliyofungwa, mbali na watoto, umpelekee fundi anayeyakusanya.