Kinu Kilichotunza Kahawa ya Nyumbani

Historia ya kahawa ya Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, huandikwa kwa tani na bei: shamba lilikuwa la nani, lori la nani, mzigo ulivukaje mpaka wa Uganda pale Kasindi. Mama aliyebakiza bakuli moja la punje, akazikaanga na kuzitwanga ili watu wa nyumba yake wanywe, haingii katika hesabu hiyo. Lakini ndiye aliyeifikisha kahawa yetu kikombeni, kwa sababu biashara yote iliyomzunguka ilikomea kwenye punje mbichi.

Mwaka 1928 Wabelgiji, waliotawala Kongo wakati huo, waliunda Comité National du Kivu, chombo kilichopewa madaraka ya kugawa ardhi ya Kivu kwa walowezi. Arabika ikashika milima. Robusta, ambayo asili yake ni misitu ya Kongo yenyewe, ikapata makao kwenye joto la upande wa Beni. Mwaka 1933 ikafuata INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo ambayo kituo chake kikuu kilikuwa Yangambi. Wataalamu wake walichagua mbegu, wakapima mavuno, wakapambana na magonjwa ya miti. Mwaka huo huo, kule Italia, Alfonso Bialetti alitoa birika la moka. Ujerumani, Melitta Bentz alikuwa amekwisha kubuni chujio la karatasi mwaka 1908. Ufaransa, akina Peugeot, kabla hawajajulikana kwa magari, walikuwa wakitengeneza vinu vya kahawa vya kuzungusha kwa mkono tangu 1840. Maarifa ya kusaga yakakua kule kahawa ilikokwenda. Huku ilikotoka tukafundishwa kupalilia na kuchuma.

Nyumbani kazi ilifanywa na kinu na mchi, na bado hufanywa hivyo. Kinu hicho hutumika mara mbili. Kwanza, punje zilizokauka hutwangwa kwa mkono mwepesi ili ganda gumu litoke bila kuzivunja, kisha hupepetwa kwenye ungo. Baada ya hapo hukaangwa juu ya makaa, mwiko ukizunguka bila kupumzika, hadi zianze kupasuka kwa mlio na moshi uanze kunukia. Zikishapoa ndipo hurudi kinuni, safari hii kwa nguvu. Anayejua kazi hatwangi mfululizo. Hutwanga kidogo, huchekecha, unga laini huuweka kando, na chenga huzirudisha chini ya mchi.

Kule kuchekecha ndiko kunakobeba ufundi wote. Unga laini hutoa ladha yake upesi, na ukikaa sana majini huleta uchungu mkali. Chenga kubwa hutoa taratibu, na zikiondolewa mapema kahawa hubaki chapwe na yenye ukali wa uchachu. Vikichanganyika ovyo, kikombe kimoja hupata kasoro zote mbili. Kahawa ya kuchemsha sufuriani hutaka unga laini, ambao hutuama chini ukiachwa utulie. Chujio la kitambaa au la karatasi hutaka chembe za wastani, mfano wa mchanga. Birika la kugandamiza, ambamo kahawa hukaa majini kama dakika nne, hutaka chenga. Moka hutaka unga laini kidogo kuliko wa chujio. Mashine ya espresso husukuma maji kwa mgandamizo mkubwa kwa muda wa nusu dakika hivi, kwa hiyo hutaka unga laini sana na ulio sawasawa. Hapo kinu cha mchi hakifiki, lazima kinu cha meno, kile cha kuzungusha.

Chombo hicho cha meno hakikuwa cha watu wengi hapa, na miaka iliyofuata uhuru haikusaidia. Mwaka 1973 Rais Mobutu alitangaza Zaïrianisation, mashamba ya wageni yakabadili mikono na mengi yakadhoofika. Wafanyabiashara wa Butembo wakajenga njia yao kwenda Uganda, Kenya na bandari ya Mombasa, malori yakirudi na bidhaa. Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa mgao wa kahawa ulivunjika na bei ikaporomoka. Ugonjwa wa mnyauko ukaangamiza robusta, kisha vita vikaja. Wakulima wengi wa upande wa Beni wakageukia kakao.

Siku hizi arabika imeinuka tena kupitia vyama vya ushirika kama Kawa Kanzururu, chini ya Rwenzori, na Kawa Kabuya. Kahawa huoshwa kwa uangalifu na hupata wanunuzi wa mbali. Nawapongeza kwa moyo wote, maana kazi hiyo hufanyika katika eneo ambalo watu wamechinjwa wakiwa mashambani mwao. Hata hivyo sehemu kubwa bado huondoka mbichi, na nyumba nyingi zinazoilima hununua kopo la kahawa ya unga iliyotoka ng'ambo. Jambo hilo linaniuma.

Basi wewe mwenye shamba, usiuze mavuno yote. Bakiza debe moja. Kaanga inayotosha wiki moja, kwa kuwa iliyokaangwa ikikaa sana hupoteza harufu, na isage siku unayoinywa. Usiipeleke kwenye mashine ya mhogo, itarudi na ladha ya mhogo. Ukipata kinu kidogo cha mkono, kinunue. Usipokipata, kinu cha mama na chekeche vinatosha.