Nakuru ya Postikadi

Ukiinama kwa wauza vitabu vya mitumba kando ya barabara, chini ya marundo ya magazeti ya zamani, siku nyingine utapata postikadi. Nyingi ni za simba. Mimi hukusanya za Ziwa Nakuru pekee, na sasa ninazo kumi na moja. Picha ni karibu ileile: maji, migunga, na ukingo wa waridi wa flamingo, ama heroe kama tulivyofunzwa shuleni.

Hiyo picha haikujileta. Nakuru ilifanywa mbuga ya kitaifa mwaka wa 1968, wakati nchi changa ilikuwa inatafuta pesa za watalii. Studio kama Sapra ya hapa Nairobi zikachapisha Kenya ya rangi, wageni wakaituma kwao. Mpiga picha akipanda Baboon Cliff na kuelekeza kamera majini, anapata ziwa bila mtu hata mmoja. Mji wa Nakuru uko hapo tu kaskazini, lakini hauonekani.

Geuza kadi. Stempu yenye majina ya Kenya, Uganda na Tanzania pamoja inakuambia ni ya kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka wa 1977.

Sasa rudi kwa ile rangi. Heroe hula mwani unaostawi kwenye maji ya magadi. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 2010 ziwa lilifura, maji yakapoteza ukali, na ndege wengi wakahamia Bogoria na kwingineko. Ndani ya miaka kumi hivi ziwa lilitoka takriban kilomita 40 za mraba hadi zaidi ya 60. Lango kuu la zamani lilizama. Migunga ikafia majini ikiwa imesimama. Nyumba za watu Mwariki na Barut zikaingia maji, na hao hakuna aliyewachapishia kadi.

Sisi wa Eastlands tunaelewa hiyo maneno. Sijawahi kupata postikadi ya Kaloleni wala Makongeni, na wafanyakazi wa reli waliishi huko miaka mingi.

Ndio maana hizi kadi si pambo tu. Zinaonyesha maji yalikuwa yanaishia wapi kabla watu hawajahama. Ukiona moja, nunua hata kama kona imekunjika. Angalia ukingo kwanza, ndege baadaye.