Hukumu Inayomtetea Mnyonge: Haki ya Mungu katika Kitabu cha Nabii Amosi

Neno hukumu hututia hofu. Tulisikiapo katika masomo ya Misa, fikra zetu hukimbilia moto na adhabu. Na wapo waamini wanaodhani kuwa Mungu wa manabii ni mkali na Mungu wa Injili ni mpole, kana kwamba ni wawili. Kosa hilo ni la kale. Marsioni alilifundisha mjini Roma, na Kanisa likamtenga yapata mwaka 144.

Tumtazame Amosi. Alikuwa mtu wa Tekoa, kusini mwa Bethlehemu, mchungaji na mtunza mikuyu. Katika karne ya 8 K.K., enzi ya mfalme Yeroboamu wa Pili, alitumwa kuhubiri katika ufalme wa kaskazini. Nchi ilikuwa imeneemeka: nyumba za mawe ya kuchongwa, vitanda vya pembe za ndovu, mvinyo tele. Hata ibada ilishamiri. Lakini langoni pa mji, walipoketi wazee kuamua mashauri, fukara hakuwa na wa kumsemea, kwa kuwa rushwa ilikwisha kutangulia. Vipimo vya nafaka vilipunguzwa, mizani ikadanganya, mhitaji akauzwa kwa thamani ya jozi ya viatu. Torati iliagiza kwamba vazi la maskini lililowekwa rehani lirudishwe kabla ya jua kutua, maana ndilo shuka lake la usiku. Amosi anawashutumu wanaojilaza juu ya mavazi hayo kando ya altare.

Hapo ndipo tunapoelewa maneno mawili ya Kiebrania anayoyaunganisha nabii: mishpat na tsedaka. Mishpat, ambayo tafsiri yetu kongwe huiita hukumu, ni uamuzi unaomrudishia mtu kilicho chake. Mjane aliyeporwa shamba huingoja siku ya hukumu kama mkulima anavyongoja mvua. Tsedaka ni uadilifu wa mtu kwa wale aliofungamana nao kwa agano. Lina asili moja ya Kisemiti na neno letu sadaka, lililotufikia kupitia Kiarabu. Mungu alizikataa sadaka za Betheli kwa sababu tsedaka haikuwapo. (Na aliyemwamuru Amosi aondoke Betheli alikuwa kuhani, Amazia, sisi mapadre hatuisomi sura ya 7 kwa utulivu.)

Je, adhabu haimo? Imo. Samaria iliangukia mikononi mwa Waashuru yapata mwaka 722 K.K. Hata hivyo, ghadhabu ya Mungu huzaliwa na upendo wake kwa aliyeonewa, na upendo huo haumsahau hata mkosaji. Hosea, aliyehubiri muda mfupi baada ya Amosi, anathubutu katika sura ya 11 kutuonyesha moyo wa Mungu ukigeuka ndani yake, asiweze kumwacha Efraimu. Papa Benedikto wa 16, katika waraka wake Deus Caritas Est wa mwaka 2005, aliona humo kivuli cha fumbo la Msalaba, ambapo Hakimu mwenyewe anasimama mahali pa mshtakiwa.

Katika Mwaka C, Jumapili ya 26, Kanisa linatusomea Amosi pamoja na mfano wa tajiri na Lazaro. Injili haisemi popote kwamba tajiri yule alimpora Lazaro. Alikuwa na maskini mlangoni pake, naye akaendelea kula.