Rupabhadrata: Tulitafsirije Neno la Mundassery?

Mwanafunzi wa fasihi kwetu hukutana na mfano wa sarafu mapema: fani upande mmoja, maudhui upande wa pili, ukiondoa mmoja huna sarafu. Mfano umechakaa kwa kushikwashikwa, lakini safari hii una kazi. Neno ninalolitafutia Kiswahili chake, rupabhadrata, linaanza na rupa, na rupa hiyo ndiyo asili ya rupia, fedha waliyolipana babu zetu kabla ya shilingi kuingia. Katika Kisanskriti rupa ni umbo au sura, na fedha iliyopigwa chapa ikapata sura ikaitwa kwa jina la mzizi huo. Kabla ya chapa kilikuwa kipande cha madini tu, na muuza unga angekukodolea macho ukimpelekea.

Nusu ya pili ni bhadrata, na hapa ndipo wafasiri wengi hujikwaa. Katika Kisanskriti bhadra ni heri, wema, jambo lenye baraka. Kimalayalam, lugha ya jimbo la Kerala kusini-magharibi mwa India, kimelichukua neno na kulipeleka upande mwingine. Kwao kitu kilichowekwa bhadram kimewekwa mahali ambapo hakitaanguka wala kupotea. Wachumi wao wakitaka kusema usalama wa kifedha husema sampattika bhadrata. Kwa hiyo mwenye kufasiri kwa kamusi ya Kisanskriti peke yake atapata “uzuri wa umbo”, na atakuwa amepata nusu. Mmalayalam anasikia pia uimara, umbo lililokaza, lisilocheza ukiligusa.

Aliyelifanya neno hili kuwa hoja ya kugombaniwa ni Joseph Mundassery. Alizaliwa tarehe 17 Julai 1903 huko Kandassankadavu, karibu na mji wa Thrissur, wakati huo ukiwa ndani ya ufalme wa Cochin. Alikuwa Mkatoliki, na kwa miaka mingi alifundisha katika Chuo cha St. Thomas, Thrissur. Wamalayalam wakihesabu wahakiki waliougeuza uhakiki wao katika karne ya 20, humtaja yeye pamoja na M. P. Paul na Kuttikrishna Marar, na kila mmoja ana wafuasi wanaoapa kwa jina lake. Vitabu vyake vina majina yanayomfurahisha mfasiri. Manadandam ni fimbo ya kupimia, na mshairi wa Kiswahili akiliona jina hilo atawaza mizani papo hapo. Mattoli ni mwangwi. Kumbukumbu za maisha yake aliziita Kozhinja Ilakal, yaani majani yaliyopukutika.

Sasa ugomvi wenyewe. Mwaka 1937 waandishi wa Kerala wenye mrengo wa kushoto walianzisha harakati waliyoiita fasihi hai, na mwaka 1944 harakati hiyo ikageuka kuwa chama cha fasihi ya maendeleo. Madai yao yalikuwa ya haki: mkulima, mvuvi na kibarua waingie katika hadithi, miungu na wafalme wapumzike. Mundassery alikuwa mwenzao na hakuyapinga. Alichouliza ni kwa nini mwandishi mwenye shabaha njema asamehewe kazi mbovu. Hadithi iliyolegea, alishikilia, haiwi fasihi kwa sababu tu inamtetea mnyonge. Lazima iwe na rupabhadrata.

Wakomunisti ndani ya chama hicho walilisikia neno hilo kama usaliti. Kwao lilikuwa njia ya kuirudisha sanaa ya mabwana kwa mlango wa nyuma, na miongoni mwa waliompinga alikuwa E. M. S. Namboodiripad, kiongozi wao mkubwa. Maneno yaliruka, makala zikajibiwa kwa makala, na kufikia mwisho wa miaka ya 1940 chama chenyewe kilikuwa kimepasuka.

Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa zaidi. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 tulipata tungo nyingi ambazo mhusika mwema anahamia kijijini ukurasa wa mwisho na mvivu anaaibika. Nyingine zilikuwa nzuri kweli. Nyingine zilikuwa hotuba zilizovishwa majina ya watu. Nasi tulikuwa na ugomvi wetu wa umbo, ila ulikwenda upande mwingine: Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 bila vina na mizani, mabishano yakawa juu ya arudhi. Ndiyo sababu hata leo mtu akisema “shairi hili halina fani”, nusu ya wasikilizaji wanaanza kuhesabu silabi.

Hilo linaniingiza kwenye kazi ya kufasiri. Pendekezo la kwanza linalomjia mtu ni “uzuri wa fani”. Silitaki. Uzuri unaweza kupakwa juu, na Mundassery hakuwa akizungumzia rangi ya juu. Pendekezo la pili ni “umbuji”, neno ninalolipenda mno, lenye harufu ya washairi wa zamani. Lakini umbuji una madaha ndani yake. Mtu husifiwa umbuji kwa namna anavyolipamba neno likapendeza sikioni, nayo hadithi kavu isiyo na pambo hata moja inaweza kuwa na rupabhadrata kamili.

Nikajaribu kuanzia kinyume chake. Washairi wetu wana neno la shairi lililovunja kanuni za utungaji: guni. Je, rupabhadrata ni hali ya kutokuwa guni? Hapana, ingawa tumekaribia. Shairi linaweza kuwa na vina vya kati na vya mwisho, mizani nane kwa nane, kibwagizo mahali pake, na bado ukilisoma likawa kama ngoma iliyowambwa vizuri ambayo hakuna anayeipiga. Mundassery alitaka umbo linalobeba mzigo. Mafundi wa jahazi wanalijua jambo hili kuliko wahakiki. Ubao unaweza kuwa mzuri, misumari mipya, lakini chombo ambacho hakikukalafatiwa sawasawa kitaingiza maji siku ya kwanza, na hakuna atakayeuliza kilikuwa kimebeba tende au mchele.

Hapo ndipo nikafika kwenye “madhubuti”. Seremala hulitumia kwa kiti, mwanasheria kwa ushahidi, mama kwa mkeka uliosukwa ukashika. Kitu madhubuti kimetengenezwa vizuri na pia hakivunjiki, maana zote mbili katika neno moja, kama ilivyo bhadrata. Umadhubuti wa fani, basi. Nililijaribu kwa mwalimu mwenzangu anayefundisha fasihi, naye akaniuliza kwa nini nisiseme “ubora wa fani” nikapumzika. Nikamwambia ubora ni alama anayoitoa mwalimu; umadhubuti ni jambo analolifanya fundi. Akacheka, hakukubali wala hakukataa.

Neno lilipata mtihani mwingine nje ya fasihi, na hapa maisha ya Mundassery yanakuwa matamu kuliko nadharia yake. Tarehe 5 Aprili 1957 wakomunisti walioshinda uchaguzi waliunda serikali ya kwanza ya jimbo jipya la Kerala. Waziri kiongozi alikuwa Namboodiripad, yule yule aliyempinga katika ugomvi wa umbo. Alimpa mhakiki wizara ya elimu.

Mundassery alizijua shule za binafsi za Kerala kwa kuishi ndani ya ulimwengu wake, na hata riwaya yake iitwayo Professor inahusu maisha ya mwalimu wa chuo cha namna hiyo. Nyingi zilikuwa za Kanisa, nyingine za vyama vya jamii za Kihindu au za watu binafsi, na serikali ilizipa ruzuku. Mkuu wa kila kitu alikuwa meneja. Ilijulikana sana kwamba katika baadhi ya shule mwalimu huitwa ofisini mwisho wa mwezi, akawekewa daftari, akatia sahihi kwamba amepokea mshahara wote, kisha akakabidhiwa pungufu. Akilalamika, wapo wengine wanaoitafuta nafasi hiyo, na daftari lina sahihi yake mwenyewe.

Muswada wake wa elimu uliopelekwa bungeni mwaka 1957 ulilenga daftari hilo. Mishahara ya walimu wa shule zenye ruzuku ilipwe moja kwa moja na serikali. Meneja asiajiri amtakaye, bali achague kutoka katika orodha ya Tume ya Utumishi wa Umma. Hicho kilikuwa kifungu cha 11. Kifungu cha 14 kiliipa serikali uwezo wa kuichukua shule iliyoendeshwa vibaya, kwa muda usiozidi miaka 5. Madarasa ya msingi yasitozwe ada.

Bunge la jimbo liliupitisha Septemba 1957. Rais wa India hakutia sahihi. Aliupeleka Mahakama ya Juu kuomba maoni, nayo ikayatoa tarehe 22 Mei 1958 chini ya Jaji Mkuu S. R. Das. Sasa soma maoni hayo kama mhakiki. Majaji hawakugombana na shabaha ya muswada. Walichukua kifungu baada ya kifungu, wakikigonga kusikia kama kina mwanya, kwa kukilinganisha na ibara ya 30 ya katiba, inayozipa jamii za wachache haki ya kuanzisha na kuendesha shule zao. Kifungu cha 11 waliona kinabana sana lakini kikasimama, kwa kuwa anayepokea ruzuku anaweza kuwekewa masharti. Kifungu cha 14 hakikusimama mbele ya shule za wachache zenye ruzuku. Kile cha ada nacho kiliyumba kwa shule za wachache zilizotambuliwa tu bila kupewa ruzuku. Muswada ukarudishwa, ukashonwa upya, na Rais akauidhinisha Februari 1959.

Sisemi serikali ile ilianguka kwa fani ya muswada. Ingekuwa porojo. Kulikuwa na mageuzi ya ardhi yaliyowatia hofu wenye mashamba, kulikuwa na maaskofu, chama cha Wanayar chini ya Mannathu Padmanabhan, Muslim League na Congress, wote wakaungana katika kile walichokiita harakati za ukombozi. Juni 1959 shule zilipangiwa kufungwa kwa maandamano, na tarehe 13 mwezi huo polisi waliua watu 7 huko Angamaly. Tarehe 31 Julai 1959 serikali kuu ya Nehru iliifuta serikali ya Kerala. Uwaziri wa Mundassery uliishia hapo, baada ya miezi 28. Kifungu cha 11, kilichovuka salama mahakamani, kilirekebishwa na waliofuata mwaka 1960, na meneja akarudishiwa kalamu ya kuajiri.

Ila mshahara haukurudi kwake. Mundassery alikuja kuwa makamu mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Cochin, kilichoanzishwa mwaka 1971, akafariki tarehe 25 Oktoba 1977, na mpaka leo mwalimu wa shule yenye ruzuku Kerala hulipwa na hazina ya jimbo. Katika muswada ule, hicho ndicho kiungo kilichokuwa na bhadrata.

Kwa watunga istilahi, basi, ombi langu ni fupi. Rupabhadrata iandikwe “umadhubuti wa fani”. Mwenye neno bora alilete, tutalipima. Lakini asiniletee “urembo”.