Nani alimpa mwanasaikolojia kazi ya kukutafutia kazi?

Siku hizi si ajabu, Dar au Nairobi, kusikia kijana mwenye digrii na mshahara wa kila mwezi akisema ana miadi na mwanasaikolojia. Kafiwa? Hapana. Mambo ya ndoa? Hata mchumba hana. Anaumwa? Mzima kabisa. Kisa ni kazi tu. Hajui aendelee kubaki ofisini, arudi shule, au achukue akiba yake akafungue biashara. Wazee wakisikia wanacheka: tangu lini kazi ikatafutwa kwa daktari wa akili?

Wacheke, lakini swali lao ni la maana. Limenifanya nirudi kwenye historia, na nilichokuta huko nadhani kinatuhusu sana sisi tuliosoma na bado hatujui tunaelekea wapi.

Haya, twende Boston, Marekani, Januari 1908. Katika mtaa wa North End, uliojaa wahamiaji maskini wa Kitaliano na Wayahudi kutoka Ulaya Mashariki, kulikuwa na nyumba ya huduma za jamii iliyoitwa Civic Service House. Jioni vijana waliotoka viwandani walikuja pale kujifunza Kiingereza na uraia. Ndani ya nyumba hiyo, Frank Parsons akafungua ofisi ndogo, Vocation Bureau. Kazi yake ilikuwa moja: kukaa na mtu mmoja mmoja na kumsaidia kuchagua kazi ya maisha. Fedha zilitoka kwa mama tajiri wa mji huo, Pauline Agassiz Shaw.

Sasa msikilizeni huyu Parsons alikuwa nani. Alisomea uhandisi Cornell. Akaajiriwa na kampuni ya reli, kampuni ikafilisika katika msukosuko wa uchumi wa 1873. Akafanya kibarua kwenye kiwanda cha chuma. Akawa mwalimu wa shule, kisha mwanasheria, kisha mhadhiri wa sheria. Mwaka 1895 akagombea umeya wa Boston, akaanguka. Akaenda kufundisha chuo kimoja Kansas, siasa zikabadilika, mwaka 1899 kazi ikaisha. Kwa hiyo mtu ambaye leo vitabu vinamwita baba wa ushauri wa kazi alikuwa ametangatanga kuliko wengi wetu!

Njia yake ilikuwa na hatua tatu. Kwanza, ujijue: unapenda nini, unaweza nini, una mipaka gani. Pili, uzijue kazi zenyewe: zinadai nini, zinalipa nini, zina mustakabali gani. Tatu, uoanishe hayo mawili kwa akili iliyotulia. Aliwapa watu orodha ndefu ya maswali wakayajibu nyumbani, kisha akakaa nao. (Alikuwa pia na imani za zama zake, mfano kutazama umbo la kichwa cha mtu ili ajue tabia yake. Hilo tumwachie mwenyewe.) Alifariki Septemba mwaka huohuo wa 1908. Kitabu chake, *Choosing a Vocation*, kilitoka 1909 mwenyewe akiwa kaburini.

Kuna jambo moja ambalo wengi wanaomtaja Parsons hulisahau. Hakuamini kwamba tatizo liko kwa kijana peke yake. Alikuwa mwanamageuzi, aliandika dhidi ya makampuni makubwa yaliyohodhi uchumi na alitaka huduma za mji ziwe mali ya umma. Kwake, kumshauri kijana na kuubadili mfumo unaomnyonya kijana yalikuwa mambo yanayokwenda pamoja.

Baada yake mambo yakaenda njia nyingine. Marekani ilipoingia Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, jeshi lilihitaji kuwapanga watu haraka. Wanasaikolojia wakiongozwa na Robert Yerkes wakatunga mitihani miwili, Alpha kwa wanaojua kusoma na Beta kwa wasiojua. Wanajeshi wapatao milioni 1.7 wakapimwa. Baadhi ya maswali yalihitaji ujue bidhaa na michezo ya Kimarekani, kwa hiyo mhamiaji aliyeshuka melini juzi alionekana mjinga. Mwaka 1923 Carl Brigham alitumia matokeo hayo kudai kwamba baadhi ya mataifa yana akili ndogo. Mwaka 1930 akakiri kwamba hoja yake haikuwa na msingi. Kupima hakukukoma. Mwaka 1927 Edward Strong akatoa dodoso lake la kupima mtu anavutiwa na kazi zipi, na dodoso nyingi unazojaza leo kwenye intaneti ni wajukuu wa hilo.

Mtaona tofauti. Parsons alikaa upande wa kijana anayetafuta. Mtihani wa jeshi ulikaa upande wa anayeajiri.

Aliyemrudisha mtu mezani ni Carl Rogers. Naye aliingia Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1919 kusomea kilimo. Akahamia historia, akiwa na nia ya kuwa mchungaji. Mwaka 1922 akasafiri kwenda China kwenye mkutano wa wanafunzi Wakristo, akarudi na maswali mengi kuhusu imani aliyolelewa nayo. Akaingia seminari New York, akaiacha, akavuka barabara kwenda Teachers College kusomea saikolojia. Katika kitabu chake cha 1942 alisema mshauri asiwe mtu wa kutoa maagizo. Asikilize, kwa sababu anayekuja ndiye anayeyajua maisha yake. Hapo ndipo swali la kazi na tiba ya mazungumzo yalipoanza kukaa chumba kimoja.

Na kwetu je?

Kwetu kwa muda mrefu swali halikuwepo, kwa sababu jibu lilitoka serikalini. Tanganyika ilipata uhuru 1961 ikiwa na wasomi wa kuhesabika, hivyo serikali ikapanga nchi inahitaji madaktari wangapi na walimu wangapi, nawe ukapelekwa. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na JKT. Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu 400, na akapunguza mshahara wake mwenyewe. Azimio la Musoma la 1974 likataka mtu afanye kazi kwanza ndipo aende chuo kikuu. Kusoma lilikuwa deni kwa taifa. Nani angekuuliza moyo wako unataka nini?

Kisha miaka ya 1990 serikali ikapunguza maelfu ya watumishi. Aliyekuwa akipanga akaondoka mezani, na kiti chake kikabaki wazi. Mwanafunzi wa kidato cha nne akabaki na fomu ya Selform, baba, na mjomba anayesema "soma uhasibu".

Neno "ushauri nasaha" nalo lilifika kwetu kwa mlango mwingine: UKIMWI. WAMATA ilianzishwa 1989, na vituo vya Angaza vikaanza 2001. Kwa watu wengi mshauri nasaha akawa yule anayekaa nawe kabla ya majibu ya damu. Ndiyo maana hadi leo ukisema umekwenda kupata ushauri nasaha, mtu anakutazama usoni kwanza.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayefikiria kwenda, nenda. Ila ujue unakwenda kuchukua nini. Mwanasaikolojia anaweza kukusaidia sana kwenye hatua ya kwanza ya Parsons: kutenganisha unachotaka wewe na alichotaka baba, uchovu na chuki ya kazi, woga na busara. Hatua ya pili hanayo. Mshahara wa kweli na balaa la kila siku la kazi unayoitamani utaambiwa na anayeifanya, kwa hiyo mtafute, umnunulie chai, umuulize.

Na kama umetuma maombi mia bila kujibiwa, usikubali mtu akuambie kasoro ni ya nafsi yako tu. Wakati mwingine nafsi ni nzima, ajira ndiyo haipo. Parsons alilijua hilo mwaka 1908, na hakuona aibu kulisema kama suala la siasa. Sijui kwa nini sisi tuone.